Siku Saba za Kutafuta Pazia: Simulizi ya Safari katika Kumbi za Sanaa za Dar es Salaam

Siku ya kwanza, Jumatano

Niliondoka Dodoma alfajiri kwa treni ya umeme, na muda usiotimia saa nne baadaye nilikuwa nimeshuka Dar es Salaam nikiwa na begi moja, mwavuli ambao sikuuhitaji, na daftari la mazoezi ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na swali la mwanafunzi wangu wa kidato cha tano. Tulikuwa tukisoma tamthiliya darasani, tukafika mahali ambapo maelekezo ya jukwaa yanasema kwamba pazia linafunguka, naye akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, hilo pazia hufunguka lenyewe au kuna mtu anayelifungua?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nimefundisha tamthiliya kwa miaka kumi na mmoja, nimesahihisha mamia ya insha kuhusu dhamira na wahusika, na katika maisha yangu nimeona kwaya, ngoma, maigizo ya siku za kitaifa yanayochezwa uwanjani mbele ya mkuu wa mkoa, na ngonjera zisizo na idadi. Lakini pazia la jukwaa sikuwahi kuliona likifunguka.

Kwa hiyo safari hii ilikuwa na madhumuni mawili: kutafuta ukumbi ambao ningeweza kuwaleta wanafunzi wangu arobaini na wawili wakatazame mchezo kwa macho yao, na kulitafuta pazia hilo. Nilifikia kwa dada yangu, Magomeni. Wakati wa chakula cha jioni shemeji yangu aliniuliza nimekuja kufanya nini hasa, nami nikamweleza. Akaweka kijiko chini.

"Shemeji, umepanda treni kutoka Dodoma kuja kutafuta maigizo?" aliniuliza. "Si ungewasha simu tu?"

Siku ya pili, Alhamisi

Nilipanda mwendokasi hadi mjini, nikatembea kwa miguu hadi Mtaa wa Shaaban Robert, ambako ndiko ilipo Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni. Ilinipendeza kwamba nyumba hiyo iko katika mtaa wenye jina la mshairi, na nilifikiri kwamba Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, asingekosa beti za kuiandikia historia yake, maana jengo la awali lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na baada ya Uhuru likaongezewa jengo kubwa zaidi. Wageni wengi huja kutazama habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, au magari ya zamani ya viongozi, au kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998. Mimi niliyapita yote hayo kwa haraka isiyo na adabu, nikauliza uliko ukumbi wa maonyesho.

Ukumbi upo, na kuwapo kwake ndiko kunakoipa nyumba hii haki ya kuitwa ya utamaduni badala ya kuwa ghala la vitu vya kale. Siku ile hapakuwa na onyesho. Nilikaa kitambo, nikapima kwa hatua kile nilichoweza kupima, kisha nikaandika katika daftari kwamba mahali hapa mwalimu anaweza kuwaleta wanafunzi asubuhi wakaona historia, na mchana wakaona mchezo, kwa nauli ileile ya basi. Kwa mtu anayepanga bajeti ya shule, hilo si jambo dogo.

Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya bustani ya mimea, kuna Ukumbi wa Karimjee. Ulipewa jina la familia ya wafanyabiashara iliyoujenga na kuutoa kwa mji, na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru Bunge lilikuwa likikutana humo. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais mnamo Desemba 1962, alitangaza kwamba anaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa hoja kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Nilisimama nje ya uzio nikiwaza jinsi tangazo kubwa hivyo lilivyoacha alama ndogo katika mawe na saruji ya mji huu, maana wakazi wengi wa Dar es Salaam niliozungumza nao wanaijua Karimjee kwa kazi moja tu, nayo ni kuaga miili ya viongozi.

Siku ya tatu, Ijumaa

Asubuhi nilikwenda Upanga. Hapo ndipo palipo na kituo cha Alliance Française, na Goethe-Institut haiko mbali, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba kijana wa Kitanzania mwenye shairi, dansi au mchezo mpya mara nyingi huanza kutafuta jukwaa katika nyumba ya Mfaransa au ya Mjerumani. Nyumba hizo zipo kwanza kwa ajili ya kufundisha lugha zao. Alliance Française kama taasisi ilianzishwa Paris mwaka 1883 kwa kazi hiyohiyo, na Goethe-Institut ikafuata mwaka 1951. Hata hivyo zina vitu vitatu ambavyo msanii anavihitaji na mara nyingi havipati kwingine, yaani ratiba inayojulikana mapema, taa zinazowaka, na mtu wa kumjibu barua. Nilikuta vijana watano wakifanya mazoezi ya dansi bila muziki, mmoja wao akihesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne," kwa Kiswahili, chini ya bango la Kifaransa. Sikuona ubaya wowote. Niliona tu kwamba mwenye nyumba ndiye anayepanga saa ya kufunga mlango.

Njiani nilipita mbele ya Ukumbi wa Diamond Jubilee, ambao jina lake linatokana na sherehe ya miaka sitini ya uimamu wa Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa kwa mizani ya almasi hapahapa Dar es Salaam mwaka 1946. Mji huu una tabia hiyo ya kumkopesha mtu ukumbi uliojengwa kwa furaha ya mtu mwingine: nyumba ya mfalme imekuwa ya utamaduni, ukumbi wa wafanyabiashara ukawa Bunge, na ukumbi wa jubilei ya imamu umeshuhudia taarabu na muziki wa dansi wa kila namna. Ofisi moja ya kukodisha kumbi, ambayo sitaitaja, ilinitajia bei ya siku moja ambayo ingetosha kununua madawati ya darasa zima. Nilishukuru, nikanywa maji niliyopewa, nikaondoka.

Mchana nilipanda daladala hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kupanda kilima kile ni kama kwenda kwa wazee wa ukoo. Hapo ndipo walipofundisha Ebrahim Hussein, ambaye tamthiliya yake kuhusu Vita vya Maji Maji ilichapishwa mwaka 1969 na ingali ikisomwa madarasani, na Penina Muhando, na Amandina Lihamba. Nilipokelewa na mhadhiri mmoja wa sanaa za maonyesho, mama mwenye sauti ya taratibu, ambaye baada ya kunijibu shikamoo yangu na kusikia swali la mwanafunzi wangu alicheka kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali lake: "Na wewe, Mwalimu, kwa nini unadhani lazima liwepo pazia?"

Mazungumzo yetu yalichukua saa mbili, na ndiyo sehemu ya safari iliyonipa mengi zaidi. Alinieleza kwamba Nairobi ilipata jumba lake la taifa la maonyesho mwaka 1952, na Kampala mwaka 1959, chini ya wakoloni, lakini Tanganyika iliingia katika Uhuru bila jumba la namna hiyo, na serikali mpya ilipoamua kuweka fedha katika sanaa iliziweka kwa watu, si katika matofali. Kikundi cha taifa cha ngoma kiliundwa mwaka 1963. Kikafuata cha sarakasi mwaka 1969, baada ya vijana kupelekwa China kujifunza. Na cha maigizo mwaka 1974. Vikundi hivyo vilicheza viwanjani, katika viwanda, katika vijiji, popote palipokuwa na watu wa kukusanyika. Mwisho wa muongo huo vilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wakati huohuo wasomi wa Mlimani walikuwa wakishuka vijijini, kule Malya mkoani Mwanza na Msoga karibu na Chalinze, wakishirikiana na wanakijiji kutunga michezo kuhusu matatizo yao wenyewe, ambayo ilichezwa katikati ya duara la watu.

"Pazia," alisema, "linawatenga wanaojua kitakachotokea na wasiojua. Kijijini wote wanajua. Wanakuja kuona kitasemwaje."

Niliandika maneno hayo kwa haraka. Nilikumbuka pia kwamba mpango wa Tuseme, ambao shuleni kwangu umewafundisha wasichana kusimama na kusema shida zao kwa njia ya igizo, ulizaliwa mikononi mwa walimu hawahawa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kucheza mchezo, na mimi nilikuwepo nikitazama. Ila sikuwahi kuuita mchezo, kwa sababu ulichezwa bwaloni, kati ya meza za chakula.

Lakini sitaki kukubali upesi mno. Hoja ya duara ni nzuri, na ni ya kweli, ila imekuwa pia kisingizio cha watu wenye madaraka ya kujenga na hawajengi. Mvua ikinyesha duara huvunjika. Mchezo wenye minong'ono hauwezi kuchezwa kando ya barabara. Nilimwambia hivyo yule mama, naye hakubisha. Alitazama dirishani tu, akasema chai imepoa.

Siku ya nne, Jumamosi

Asubuhi nilikwenda Nafasi Art Space, Mikocheni, katikati ya eneo la viwanda vidogo, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wamegeuza makontena ya mizigo kuwa karakana za uchoraji na uchongaji, na uwanja ulio kati yake kuwa mahali pa maonyesho na muziki. Kontena ndilo kitu ambacho bandari ya Dar es Salaam imetupatia kwa wingi, na kulifanya chumba cha mchoraji ni ubunifu unaotoka hapahapa. Kuna joto ndani yake, hilo nalo lazima lisemwe.

Kutoka hapo nilimwomba dereva wa bodaboda anipeleke Makumbusho. Akanipeleka stendi ya daladala. Nikamwambia nataka Makumbusho yenyewe; akanionyesha kibao cha stendi. Ilibidi mama muuza matunda aingilie kati na kueleza kwamba huyu mzee anataka "kule kwenye nyumba za nyasi." Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo, ndicho kilichoipa stendi na mtaa mzima jina lake, kisha jina likakua kuliko mwenyewe.

Ndani ya kijiji kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali: msonge wa Wahaya, nyumba za Wachaga, za Wanyakyusa, za Wazaramo. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye tembe ya Wagogo, nikainama mlangoni, nikasimama gizani, na harufu ya udongo mkavu ikanirudisha kwa bibi yangu kabla sijajiandaa. Nilitoka nikiwa nimenyamaza. Mchana ngoma zikaanza katika uwanja wa mchanga, na watazamaji wakajipanga kuuzunguka bila mtu kuwaelekeza. Wachezaji walileta bugobogobo ya Wasukuma, majembe yakirushwa hewani na kudakwa kwa mdundo, kisha sindimba ya Kimakonde, kisha wanawake wakaketi na kubana ngoma kati ya mapaja, nikajua kabla hawajapiga kwamba ni muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo.

Kasoro niliyoiona ni ya muda. Ngoma ambayo nyumbani huchukua usiku mzima hapa hupewa dakika kumi, kwa sababu baada yake kuna nyingine, na baada ya hiyo watalii wana basi. Mzee mmoja wa Kizaramo aliyeketi karibu nami alilalamika kwamba mdundiko hauwezi kuchezwa mahali pamoja. Mdundiko ni ngoma ya kutembea. Unapita mtaa kwa mtaa, watu wanaacha shughuli na kuufuata, watoto wanapotea na kupatikana Buguruni. "Sasa hapa utautembeza wapi?" aliniuliza. "Uzunguke mwembe?"

Usiku shemeji aliona kwamba nimeteseka vya kutosha, akanipeleka Kinondoni katika baa yenye bendi. Wapigaji walikuwa watu wazima wenye suti zilizopigwa pasi vizuri, na walipiga nyimbo za zamani za Sikinde na Msondo, huku meza mbili za wazee zikibishana kama walivyobishana tangu miaka ya 1980 ni bendi ipi ilikuwa bora. Nikakumbuka kwamba majina yote mawili ni ya ngoma: sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ya unyago. Na nikakumbuka pia kwamba katika baa kama hizi, baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa, ndimo maigizo yalimopata hifadhi. Kikundi cha Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye TOT, yaani Tanzania One Theatre, ya Kapteni John Komba, vilitoa kwa kiingilio kimoja ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na mchezo mrefu wa kuigiza, kuanzia alasiri hadi usiku. Wasomi waliwadharau kidogo kwa kuchezea kati ya chupa. Lakini ukumbi ulijaa, na waigizaji walilipwa.

Mama mmoja aliinuka, akacheza hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza noti ya elfu tano kwenye paji la uso, akarudi kwenye kiti chake bila kukosea hatua. Shemeji akaniinamia: "Hilo nalo liandike kwenye daftari lako." Nimeliandika.

Siku ya tano, Jumapili

Nilikwenda Oysterbay mapema, kutazama ukumbi mdogo wa michezo ulio kando ya Barabara ya Haile Selassie, ambao kundi lake la waigizaji wa Kiingereza limekuwepo tangu enzi za ukoloni. Lango lilikuwa limefungwa na mlinzi alikuwa mpole lakini hakuwa na ufunguo. Nilipita kwa wachoraji wa Tingatinga, ambao chama chao cha ushirika kinaendeleza kazi iliyoanzwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, nikamnunulia dada yangu picha ya kanga wawili. Nikaambiwa pia kwamba ulipo ubalozi wa Marekani sasa ndipo palipokuwa na sinema ya Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambapo watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao.

Pazia nililipata saa tisa alasiri, mahali ambapo sikuwa nimepapanga kabisa. Dada yangu alinipeleka kwenye ukumbi wa parokia, ambako watoto wa mafundisho walikuwa wakiigiza mfano wa mwana mpotevu. Jukwaa lilikuwa la mbao, na mbele yake, kutoka ukuta hadi ukuta, kulining'inia pazia la kitambaa cha zambarau kilichofifia, lililotundikwa kwenye waya kwa pete za chuma, na kando yake alisimama mzee mwenye kofia mkononi na kamba mbili zilizozungushwa kiganjani.

Kengele ikapigwa. Mzee akavuta. Upande wa kulia ukaenda vizuri. Wa kushoto ukaenda nusu na kukwama, ukamwacha baba wa mwana mpotevu akionekana na mwana mwenyewe akiwa nyuma ya kitambaa. Mzee akavuta tena. Akafunga kamba kwenye msumari, akavaa kofia yake, akapanda jukwaani mbele ya watu mia mbili bila haraka yoyote, akachukua ufagio wa mti mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaisukuma pete iliyokwama, akavua kofia, akashuka. Watoto wote walibaki wamesimama kama walivyopangwa; hakuna aliyecheka wala kupepesa. Mchezo ukaanza. Yule baba alipomkimbilia mwanawe mwishoni, mama aliyeketi mbele yangu alilia kwa sauti, na mimi nilitazama miguu yangu kwa muda.

Siku ya sita, Jumatatu

Nilirudi stendi ya Makumbusho, safari hii kwa kusudi, nikapanda gari la Bagamoyo. Chuo cha mwaka 1981 sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na watu wote wanakiita TaSUBa. Ukumbi wake wa awali ulikuwa na paa la makuti, ukateketea kwa moto mwaka 2002, na uliojengwa baada yake ni mkubwa, wenye ngazi za viti na upepo wa bahari. Hapa ndipo niliposema moyoni kwamba nitawaleta wanafunzi wangu: bahari ambayo wengi wao hawajaiona, mji mkongwe, na jukwaa lililojengwa ili liwe jukwaa.

Chini ya mti nje ya ukumbi kijana mmoja alikuwa akijifunza zeze. Nilimuuliza ametoka wapi, akasema Masasi. Zeze lile ni la kwetu. Hukwe Zawose, Mgogo aliyelipeleka duniani, aliitwa kutoka kijijini akajiunge na kikundi cha taifa, akaishi na kufundisha hapa Bagamoyo, na akafariki mwaka 2003. Sikumwambia kijana kwamba mimi ni Mgogo. Nilikaa nikamsikiliza akikosea mahali palepale mara sita, na mara ya saba akapatia.

Siku ya saba, Jumanne

Treni, na hesabu. Basi la kukodi kutoka Dodoma, malazi ya siku mbili, kiingilio cha makumbusho, chakula cha watu arobaini na wawili na walimu watatu. Nilipofika Morogoro nilikuwa nimeandika barua kwa mkuu wa shule mara mbili, na mara zote mbili jumla ilikuwa ileile.

Kesho yake niliingia darasani kipindi cha pili. Sikuwa nimemaliza kufuta ubao, mkono ukawa juu.

"Huvutwa kwa kamba," nilimwambia. "Kuna mtu anasimama kando na kuivuta."

Akafikiri kidogo. "Na likikwama, mwalimu?"

Nikaweka chaki mezani, nikavuta kiti, nikaanza kuwasimulia habari za yule mzee na ufagio wake.